Kutoka Gari la Majeruhi hadi Nyumba ya Mwenyeji: Tunajifunza Nini katika Historia ya AFS?



Ndugu msomaji, mwezi uliopita mdogo wangu aliyeko Mombasa, msichana wa miaka 16, alirudi nyumbani kutoka shuleni akiwa na fomu. Ilikuwa fomu ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mtoto wa sekondari hupelekwa Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, akaishi katika nyumba ya familia asiyoijua, akasoma shule ya mtaa ule, kisha akarudi kwao. Gharama zote hulipwa. Mama aliisoma fomu ile akaiweka juu ya kabati bila kusema kitu. Ami yetu alipopata habari alisema hao ni watu wa kubadilisha watoto dini, na kwamba hakuna anayempa mwenzake cha bure. Shangazi naye akasema mtoto aachwe apate nafasi, kwani wapo watoto wa mtaa wetu waliokwenda na wakarudi wakiswali kama walivyoondoka. Simu zikapigwa huku na huku kwa muda wa wiki nzima, na mwisho suala likaletwa kwangu huku Uganda: "Wewe ndiye unayesoma dini. Tuambie."

Nilitaka kujibu siku ileile. Aya nilikuwa nayo, hadithi nilikuwa nayo. Kisha nikakumbuka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa usuli huisikia katika muhula wa kwanza, kwamba kukihukumu kitu hutegemea kwanza kukijua kilivyo. Mimi nilikuwa na hukumu mkononi, na nilichotaka kukihukumu sikijui. Sikujua mipango hii ilianzishwa na nani, kwa fedha za nani, wala kwa nini mtoto apelekwe kwenye nyumba ya watu badala ya bweni. Basi nikaenda kusoma.

Mashirika ya kazi hii ni mengi. Nimechagua moja, AFS, kwa kuwa ni miongoni mwa makongwe, na kwa kuwa chimbuko lake ni mahali ambapo sikutarajia hata kidogo.

Vijana wa chuo na machela

Herufi hizo tatu zilisimama badala ya American Field Service, na kazi yake ya kwanza haikuhusu wanafunzi wala shule. Ilikuwa kubeba majeruhi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Marekani haikuwa imeingia vitani. Lakini Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris walikuwa na hospitali yao katika kitongoji cha Neuilly, na vita vilipoanza walifungua hospitali ya majeruhi katika jengo la shule, Lycée Pasteur. Vitanda vikapatikana, madaktari wakapatikana. Tatizo likawa njia, kwani askari alijeruhiwa mbali, akalala katika tope, akawekwa juu ya mkokoteni au ndani ya behewa la mizigo, na wengi walifika wakiwa wamekwisha kuharibika kwa vidonda au hawakufika kabisa.

Hapa anaingia mtu aitwaye A. Piatt Andrew. Alikuwa amefundisha uchumi Harvard, akawa mkurugenzi wa idara ya serikali ya kutengeneza sarafu, kisha naibu katika wizara ya fedha ya Marekani. Mtu wa ofisi, kwa kifupi. Alikwenda Ufaransa vita vilipokuwa na miezi michache tu, akaanza kama dereva wa gari la wagonjwa. Alichokiona ni kwamba magari ya Wamarekani yalikuwa yakifanya kazi nyuma, mbali na mapigano, kwa sababu jeshi la Ufaransa halikutaka wageni karibu na mstari wa mbele. Mwaka 1915 alizungumza na wakubwa wa jeshi hadi wakakubali kujaribu kikosi kimoja, kisha kingine.

Jaribio lililowashawishi zaidi lilikuwa katika milima ya Vosges, huko Alsace. Barabara zake zilikuwa nyembamba na kali, na majeruhi walikuwa wakishushwa kwa nyumbu. Magari makubwa ya jeshi hayakuweza kupanda. Wamarekani wakaleta magari ya Ford, yale mepesi ya Modeli T, yakiwa na bodi ya mbao nyuma ya kutosha machela chache. Gari likikwama, watu wachache waliweza kulinyanyua wakaliweka tena barabarani. Katika milima hiyohiyo, usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 1915, dereva Richard Hall, kijana aliyehitimu chuo cha Dartmouth, aliuawa na kombora akiwa njiani kupanda. Ndiye wa kwanza wao kuuawa kazini.

Hadi jeshi la Marekani lilipoingia vitani mwaka 1917 na kuichukua kazi ile, watu wapatao 2,500 walikuwa wamehudumu, na 127 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo, kutoka Harvard, Yale, Princeton, Cornell na vinginevyo. Umri wao ni umri wetu sisi tunaosoma gazeti hili. Hawakuwa wamelazimishwa na nchi yao, maana nchi yao ilikuwa haimo vitani.

Ndugu msomaji, hapa naomba tusimame kidogo, kwani kuna jambo ambalo vitabu vya shirika hulipita kwa haraka. Jeshi la Ufaransa lililohudumiwa na madereva hawa halikuwa la Wafaransa peke yao. Ndani yake walikuwamo Waalgeria, Wamoroko, Watunisia na askari wa Afrika Magharibi, maelfu kwa maelfu wao wakiwa Waislamu. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, ulijengwa ukihusishwa na kumbukumbu ya damu yao, na huko Douaumont, karibu na Verdun, mnara wa kumbukumbu ya askari Waislamu ulizinduliwa mwaka 2006, miaka 90 baada ya mapigano yale. Katika magari yaliyowabeba majeruhi wa jeshi hilo, mtu aliyetamka shahada yake ya mwisho kwa Kiarabu cha Fes au cha Constantine hakuwa kitu cha ajabu.

Na miaka ileile, huku kwetu, babu zetu nao walikuwa wakibeba. Walibeba risasi, unga na wagonjwa wa jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, kwa miguu, na wengi wao hawakujitolea bali walikamatwa vijijini. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nasi tukabakiwa na jina: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Sisemi hivi ili kupunguza thamani ya dereva wa Vosges. Nasema kwa sababu kuchagua kubeba ni neema ambayo si kila mtu alipewa.

Kwa nini waliamua kubeba watoto

Baada ya vita vile, shirika lingeweza kufa na kubaki chama cha wazee wanaokutana kunywa na kukumbuka. Badala yake lilianzisha ufadhili wa masomo, Wamarekani wakapelekwa vyuo vya Ufaransa na Wafaransa vyuo vya Marekani, kwa wasomi wa ngazi ya juu. Ulikuwa mpango mdogo. Andrew aliingia bungeni, akafa mwaka 1936, na uongozi ukashikwa na Stephen Galatti, aliyekuwa msaidizi wake tangu siku za Ford.

Mwaka 1939 vita vikaanza tena, na Galatti akawaita vijana wengine. Safari hii walikwenda mbali zaidi, Ufaransa kwanza, kisha pamoja na Waingereza huko Syria na Lebanon, jangwa la Libya na Misri, Italia, na mpaka wa India na Burma. Huko Burma ndiko walikopelekwa pia askari wetu wa KAR, ambao baadhi ya wasomaji watakuwa wamewasikia katika hadithi za babu. Zaidi ya madereva 2,000 walihudumu na 36 wakafa. Mwezi wa Aprili mwaka 1945, baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwaondoa wagonjwa katika kambi ya Bergen-Belsen, ambako walikuta watu hai wamelala katikati ya maiti.

Septemba 1946 madereva walikutana New York. Swali lilikuwa moja: vita vimekwisha, tufanye nini? Wangeweza kufunga ofisi kwa heshima. Galatti na wenzake wakaamua kuleta wanafunzi wa sekondari kutoka nchi nyingine waje kuishi Marekani kwa mwaka. Mwaka 1947 wakafika wa kwanza, vijana 52 kutoka nchi 10.

Hebu tutazame uamuzi huo, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali langu kuhusu bweni. Ufadhili wa zamani ulikuwa wa watu wazima wanaosoma vyuo vikuu. Mtu wa miaka 25 aendapo ng'ambo huenda na mawazo yake yamekwisha kukaa. Hukaa na wenzake wa nchi yake, husoma, huchukua cheti, hurudi. Kijana wa miaka 16 ana umri wa kuelewa anachokiona, na bado hajafunga mlango. Tena hakupelekwa kwa mwalimu, alipelekwa jikoni kwa watu. Aoshe vyombo, amwite mwenye nyumba mama, agombane na watoto wa nyumba ile juu ya zamu ya bafu. Na familia haikulipwa. Mpaka leo msingi huo haujabadilika: familia inayompokea mtoto hujitolea, kama madereva walivyojitolea. Shirika la machela likageuka shirika la vitanda vya wageni, na nadhani waliona ni kazi ileile.

Katika muongo wa 1950 miongoni mwa watoto waliopokelewa walikuwamo Wajerumani na Wajapani. Mtu aliyempoteza kijana wake katika vita vya Pasifiki angeweza kuombwa amkaribishe mtoto wa Kijapani katika chumba kilekile. Wapo waliokubali. Watoto wa Kimarekani nao wakaanza kupelekwa nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpango ulipanuka, nchi nyingine zikabadilishana watoto moja kwa moja bila kupitia Marekani. Leo jina limebaki herufi tu, na lile neno la Marekani lililokuwa ndani yake halitajwi tena kwa urefu.

Rihla yetu na safari hii

Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mwanafunzi husafiri. Jabir bin Abdillah (r.a.) alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja aliyoisikia kuwa iko kwa Abdullah bin Unays (r.a.). Al-Azhar ilikuwa na riwaq za wageni, kila watu wa upande wao na malazi yao: watu wa Maghrib, watu wa Sham, na Riwaq al-Jabart kwa watu wa pembe yetu ya Afrika. Lamu, katika Riyadha ya Habib Swaleh, wamelala wanafunzi kutoka pwani yote na visiwani. Na chuo cha Kiislamu cha hapa Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kimekusanya vijana wa mataifa mengi katika bweni moja. Mimi mwenyewe nimekuja kusoma ng'ambo ya mpaka.

Lakini tuwe waangalifu, tusiseme haraka kwamba hiki ni kilekile. Rihla humpeleka mtu kwa mwenye elimu. Mpango wa AFS humpeleka mtoto kwa mtu wa kawaida, pengine muuza vifaa vya mabomba katika mji mdogo wa Iowa, ambaye hana cha kumfundisha ila maisha yake. Hata malazi ni kinyume: riwaq ilimweka mgeni pamoja na watu wa kwao ili asipotee, na AFS humtenga makusudi na watu wa kwao ili ajifunze. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inataja kujuana kuwa ni hekima ya kuumbwa mataifa na makabila, na wapendao mipango hii huisoma sana. Inafaa, lakini aya hiyohiyo inaishia kwenye taqwa, na kipande hicho huachwa mara nyingi.

Mfano ulio karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni Hilful Fudhul. Mtu wa Zabid aliuza bidhaa Makka, al-As bin Wail akakataa kumlipa, na mgeni yule akakosa wa kumtetea. Wakubwa wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa awe mwenyeji au mgeni. Mtume (s.a.w.) alikuwapo, kijana wa miaka kama 20, kabla ya utume. Baadaye, katika Uislamu, alilitaja agano lile kwa kulisifu, na akasema kwamba lau angeitwa kwalo angeitikia. Waliolifunga walikuwa washirikina. Hakulikataa kwa sababu ya wenyewe. Alitazama ndani yake mna nini. Basi nasi tutazame ndani.

Fedha na nia

Ami yangu alisema hawa ni watu wa dini. Kwa AFS, hilo si kweli. Si shirika la kanisa, na halikuanzishwa kueneza dini yoyote. Lakini swali lake la pili, kwamba nani anatoa cha bure, ni swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe.

Mwaka uleule wa 1946, Bunge la Marekani lilipitisha mswada wa Seneta Fulbright uliotumia fedha za mauzo ya mabaki ya vifaa vya kivita kulipia kubadilishana wasomi. Tangu hapo mwanafunzi wa kigeni akawa pia hesabu ya siasa. Vita Baridi vikaongeza moto. Mwaka 1960 Moscow ilifungua chuo kikuu cha watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Upande wetu, kati ya 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tom Mboya alipanga ndege zilizowapeleka vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Marekani, na mwaka 1960 fedha za safari zikawa jambo la kampeni ya urais kule kwao. Kennedy aliposhika madaraka aliwapokea wanafunzi wa AFS Ikulu, kwenye majani, na hakufanya hivyo kwa mapenzi ya watoto pekee.

Kisha ikaja Septemba 11 mwaka 2001. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao YES, unaobeba majina ya maseneta Kennedy na Lugar, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wa nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa ya Waislamu. Kenya imo, Tanzania imo. AFS ni miongoni mwa mashirika yanayoutekeleza. Fomu iliyo juu ya kabati letu ni ya mpango huu.

Kwa hiyo jibu la Ami ni hili. Anayetoa ni serikali, na anachotaka anakisema wazi: kwamba vijana wa Kiislamu waijue Marekani, na Wamarekani wawajue vijana wa Kiislamu, ili uadui upungue. Ni nia ya siasa. Mtu anaweza kuuliza, na mimi nimeuliza, kwa nini wakati huohuo nchi ileile ilikuwa ikipiga mabomu Afghanistan, na mwaka 2003 Iraq. Kumkaribisha mtoto wa Kiislamu mezani kwa mkono mmoja na kurusha kombora kwa mkono mwingine ni jambo ambalo mwanafunzi aendaye ana haki ya kulibeba moyoni, na hata kulisema kwa adabu akiulizwa. Lakini muuza mabomba wa Iowa hakurusha kombora. Yeye alisafisha chumba.

Katika mipango hii mwanafunzi hatakiwi kusikiliza tu. Hutakiwa kuzungumza shuleni na mtaani kuhusu nchi yake na watu wake. Kuna miji ambayo Mwislamu wa kwanza kuonekana ndani ya darasa ni mtoto wa Kisauni au wa Unguja, mwenye mtandio, anayeeleza kwa nini hali mchana wa Ramadhani. Hakupanga kuwa mlinganiaji, na pengine hajui hata dalili za anachofanya. Hilo linanitia moyo na kunitisha kwa pamoja.

Jambo moja zaidi ambalo watu nyumbani hawalijui: anayekwenda kwa fedha hizi hatakiwi kubaki. Viza yake humfunga kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Shangazi alikuwa na ndoto zake juu ya hilo. Nimemweleza.

Nyumba ile

Nilimwendea ustadh wetu wa fiqhi nikiwa na daftari, nikitegemea fatwa. Hakunipa. Aliniuliza, "Nyumba ile ina nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa suala la safari. Hadithi inayomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamesema juu yake: wapo walioichukua kwa dhahiri yake, na wapo, miongoni mwa Mashafii, walioruhusu hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na baadhi ya wa zama zetu wakaipanua ruhusa hiyo pale penye amani. Ustadh alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba safari ni siku mbili, na ukaazi ni miezi kumi. Watu hubishana juu ya ndege wakaisahau nyumba. Kuna baba? Kuna kijana wa kiume wa miaka 18? Chumba chake kina ufunguo? Atakaa faragha na asiyekuwa maharimu yake kila jioni ambapo mama wa nyumba yuko zamu kazini?

Nilirudi kwenye kusoma, safari hii nikisoma kanuni badala ya historia. Kanuni za Marekani zinataka familia na shule viwe vimepatikana kabla mtoto hajasafiri. Watu wazima wote wa nyumba huchunguzwa rekodi zao. Mwakilishi wa shirika aishie karibu huwasiliana na mtoto kila mwezi, na mtoto akiwa na shida huhamishwa nyumba. Haya ni mazuri, na nimeyaandika. Lakini hakuna kanuni inayojua khalwa ni nini. Hilo lazima liandikwe na mzazi mwenyewe, kwenye fomu, kwa maneno yasiyo na haya: mtoto wetu awekwe kwenye nyumba ya Waislamu ikipatikana, au kwa mama mwenye mabinti, chumba chake kiwe na mlango unaofungwa, nyama ya nguruwe asipewe, apate pa kuswalia na ruhusa ya kufunga. Mwenye kuona aibu kuyasema haya mapema atayasema kwa kilio baadaye. Na wasipoweza kuyatimiza, basi jibu letu litakuwa hapana, nasi tutalitoa bila chuki.

Naongeza, maana nimeliona katika familia yetu: lau fomu ile ingeletwa na kaka yetu mdogo, hakuna ambaye angeuliza nyumba ina nani. Angepewa begi. Macho yake na swala yake navyo vina haki ya kuulizwa.

Jibu nililolipeleka nyumbani halikuwa fatwa, kwani mimi si mufti. Nilimwandikia mama historia hii kwa ufupi, na maswali ya ustadh, na nikamwambia kuwa uamuzi ni wake yeye na mtoto, baada ya istikhara. Ami ameomba anakala yake. Fomu imeshushwa kabatini, ingawa haijatiwa saini.

Sehemu moja ya fomu humtaka mwombaji aiandikie barua familia asiyoijua, ajieleze yeye ni nani. Mdogo wangu ameandika kurasa mbili. Ameandika juu ya swala ya alfajiri na kwamba yeye huamka bila saa, juu ya bahari, juu ya mama na mapishi yake. Jana usiku alinipigia simu akiwa amekwama. "Kaka," alisema, "hapa wanauliza kama naweza kukaa nyumba yenye mbwa. Sasa sisi Mashafii tunawaandikiaje hawa habari ya kuosha mara saba, mara moja kwa udongo, bila wao kudhani tunawatukana?"

Nimemwambia anipe siku mbili.